Nzi Aliyevaa Vazi la Mavu

Kiangazi kinapokaribia ukingoni, kwenye vichaka vya maua kusini mwa Uingereza, hutua mdudu mkubwa anayewafanya watu warudi nyuma hatua mbili. Tumbo lake ni la manjano lenye mikanda myeusi. Kifua chake kina wekundu wa kahawia unaong'aa kama mbao iliyopakwa vanishi. Akiruka hutoa mvumo mzito, nawe humsikia kabla hujamwona. Aliyewahi kuumwa na mavu hahitaji kuambiwa mara mbili.

Huyu, hata hivyo, si mavu. Hana mwiba, hana sumu, hana taya za kung'atia. Ni nzi, wa ukoo mmoja na maelfu ya nzi wadogo wanaoelea juu ya maua kana kwamba wametundikwa kwa uzi. Jina lake la kisayansi ni Volucella zonaria. Neno hilo la pili limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya mshipi, na ukiitazama ile mikanda ya tumboni utaona kwamba Nikolaus Poda, aliyempa jina hilo mwaka 1761, alichagua vizuri.

Habari za nzi huyu husimuliwa mara nyingi, na mara nyingi husimuliwa kombo. Utaambiwa hivi: nzi huyu hutaga mayai katika viota vya nyigu, basi amejivika mavazi ya nyigu ili apite mlangoni bila kushtukiwa. Ni hadithi inayoingia akilini upesi. Ina mwizi, ina walinzi, ina nguo ya kuazima. Sehemu ya kwanza ni kweli kabisa, kwani viotani huenda na mayai hutaga. Sehemu ya pili pia ni kweli, kwani amevaa rangi za kuazima. Kosa liko katika lile neno dogo "ili", linaloyafunga mambo hayo mawili kwa kamba moja. Vazi lina sababu yake na safari ya kiotani ina njia zake. Ukishazitenganisha, nzi huyu anakuwa wa ajabu kuliko alivyokuwa kwenye hadithi.

Kumtambua

Tuanze na macho, maana ndiyo yanayomfichua. Nzi huyu ana macho makubwa ya duara, ya rangi ya kahawia nyekundu, yaliyojaza karibu kichwa chote. Kwa dume yanakutana kabisa utosini. Mavu ana macho membamba yaliyokaa pembeni, na kati yake kuna paji pana la uso. Kisha tazama vipapasio. Vya mavu ni virefu na vimepinda kama kiwiko. Vya nzi ni vifupi mno, kila kimoja kikiwa na unywele wenye manyoya kama unyoya mdogo wa ndege, na usipokaribia hutaviona.

Kiuno pia hakidanganyi. Nyigu na mavu wana kiuno kilichobanwa kati ya kifua na tumbo, ilhali nzi huyu hana. Tumbo lake pana limeshikana na kifua moja kwa moja. Mabawa ndiyo ushahidi wa mwisho. Nyigu ana mabawa manne, na akitua huyakunja kwa urefu yakawa membamba. Nzi ana mawili tu. Mahali pa mengine mawili pamebaki vijiti vidogo vyenye vichwa kama vya pini, vinavyotikisika kwa kasi wakati wa kuruka na kumsaidia kujua mwili wake umeinamia upande gani. Hiyo ni alama ya nzi wote duniani, kuanzia huyu mkubwa hadi mbu.

Urefu wa mwili wake ni kama milimita 20, hivyo ni miongoni mwa nzi wa maua wakubwa kuliko wote barani Ulaya. Nasema "nzi wa maua" nikimaanisha familia nzima ya Syrphidae, yenye spishi zaidi ya 6,000. Wakubwa hula mbochi na chavua. Mbochi huwapa nguvu ya kuruka. Chavua huwapa protini ambayo jike anaihitaji ili mayai yakomae. Kwa kwenda ua hadi ua wakitafuta chakula hicho, huchavusha mimea mingi, na kati ya wadudu wachavushaji wanahesabiwa kuwa wa pili nyuma ya nyuki. Mtu anayemponda nzi huyu kwa kiatu kwa kudhani ameokoka hatari amemuua mdudu asiyeweza kumdhuru hata angetaka.

Jambo hilo linazidi kuwa na uzito siku hizi. Mwaka 2004 au karibu na hapo mavu wa Asia, Vespa velutina, aliingia Ufaransa na kuanza kushambulia mizinga ya nyuki. Mwaka 2016 alionekana Uingereza kwa mara ya kwanza. Tangu hapo wananchi wamehimizwa wawe macho na watoe taarifa. Volucella zonaria ni mmoja wa wadudu wanaodhaniwa kuwa mavu huyo. Vazi linalomwokoa kwa ndege linamponza kwa watu. Alama za kukumbuka ni rahisi: mavu wa Asia ni mweusi zaidi, ana mkanda mmoja mpana wa rangi ya chungwa karibu na mwisho wa tumbo, na miguu yake ni ya manjano kuanzia chini kana kwamba amevaa soksi. Mwenye macho makubwa ya nzi aachwe ale maua yake.

Makao yake ya asili ni Ulaya ya kusini na ya kati, kaskazini mwa Afrika, na mashariki kuingia Asia. Uingereza alikuwa nadra sana hadi miaka ya 1940, alipoanza kuota mizizi kusini mwa Uingereza na hasa pande za London. Baadaye akasogea kaskazini.

Maelezo ya zamani na mahali yanapovunjika

Wazo kwamba nzi huyu na ndugu zake wanavaa sare ya wenyeji ili waingie kiotani ni la zamani. Mwanzoni mwa karne ya 19, Waingereza wawili, William Kirby na William Spence, waliandika kwamba nzi wa jenasi Volucella wamepewa umbo la nyuki na nyigu ili waweze kutaga mayai katika makao ya wadudu hao wakali bila kuuawa. Kwa wakati wao lilikuwa wazo la heshima. Walikuwa wamechunguza kweli, waliyajua mabuu ya nzi hawa, walijua wanaishi wapi, na walitafuta sababu iliyokuwa karibu.

Lakini tujiulize: ndani ya kiota cha nyigu kuna mwanga gani? Spishi mbili ambazo nzi huyu huzitembelea zaidi, Vespula vulgaris na Vespula germanica, mara nyingi hujenga chini ya ardhi, katika shimo la panya lililoachwa, au katika uwazi wa ukuta na darini. Kiota kimefunikwa kwa tabaka juu ya tabaka za karatasi, ambayo nyigu huitengeneza kwa kukwangua mbao na kuzitafuna pamoja na mate. Ndani ni giza. Nyigu wanaoishi humo hutambuana kwa harufu, kwa mafuta membamba yaliyopaka ngozi zao ngumu, ambayo mchanganyiko wake hutofautiana kiota na kiota. Hata nyigu wa spishi ileile akitoka kiota cha jirani anaweza kufukuzwa mlangoni. Rangi zake ni zilezile na mikanda ni ileile, ila harufu ni ya kwingine. Kwa walinzi wa namna hiyo, nguo ya manjano ni kama kumwonyesha kipofu kitambulisho chenye picha.

Ushahidi wa pili uko ndani ya ukoo wenyewe. Volucella pellucens ni nzi mweusi mwenye mkanda mpana mweupe tumboni, mweupe kiasi kwamba mwanga unaonekana kupenya. Hafanani na nyigu hata kidogo. Naye hutaga katika viota vya nyigu, na mabuu yake huishi humo vizuri kabisa. Kama sare ingekuwa sharti la kuingia, huyu angekwisha zamani.

Ushahidi wa tatu ndio ninaoupenda zaidi. Volucella zonaria amevaa kama nani? Ukubwa wake, wekundu wa kifua chake, ile kahawia ya mwanzo wa tumbo, vyote ni vya mavu wa Ulaya, Vespa crabro. Ni kweli kwamba mabuu yake hupatikana pia katika viota vya mavu, lakini wenyeji wake wengine wakubwa ni wale nyigu wadogo wa Vespula. Na mavu huwafanya nini nyigu wadogo? Huwawinda. Huwakamata angani, huwakata vipande na kuwapelekea watoto wake. Basi kuingia katika kiota cha nyigu wadogo ukiwa umevaa kama mavu ni sawa na kuingia zizi la mbuzi ukiwa umevaa ngozi ya chui, ukitumaini mbuzi watakukaribisha kama mwenzao. Kama nguo ingekuwa kwa ajili ya mlango ule, ingekuwa nguo mbaya kuliko zote.

Anayeogopeshwa ni nani

Nguo ile imeshonwa kwa ajili ya macho ya nje, mchana, juani. Macho ya ndege hasa, na ya wanyama wengine wanaowinda kwa kuona.

Aliyeieleza kanuni hii vizuri kwa mara ya kwanza ni Mwingereza Henry Walter Bates. Alikaa Amazon miaka 11, kuanzia 1848, akikusanya wadudu, na aliona vipepeo wasio na sumu wanaofanana na vipepeo wa koo nyingine wenye ladha mbaya mno hivi kwamba hata yeye aliwachanganya. Mwaka 1862 alichapisha maelezo yake: mnyama asiye na kinga hupata kinga kwa kufanana na mwenye kinga, kwa sababu adui aliyekwisha kuonja ubaya wa yule wa pili humwacha na wa kwanza. Charles Darwin alikuwa ametoa nadharia yake ya uteuzi asilia miaka mitatu tu kabla, na wazo la Bates likawa mojawapo ya vielelezo vyake vya wazi kabisa. Hadi leo uigaji wa aina hii huitwa kwa jina la Bates.

Hakuna nzi aliyeamua kuvaa chochote, na hili ndilo linalowasumbua wengi wanapolisikia mara ya kwanza. Katika kila kizazi nzi hutofautiana kidogo. Aliyekuwa na manjano iliyokolea kidogo, au mkanda mnene kidogo, alimfanya ndege asite nukta moja zaidi, na nukta hiyo mara nyingine ilitosha kumwacha hai hadi atage. Watoto wake wakairithi manjano ile. Rudia hivyo kwa vizazi visivyohesabika na mkono unaochora unakuwa ni ndege wenyewe, kwa kula wale waliofanana kidogo na kuwaacha waliofanana zaidi. Nzi hajui amefanana na nani.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mfumo mzima wa Bates umesimama juu ya methali hiyo. Kwanza lazima nyoka awepo na aume. Pasipokuwa na mavu na nyigu, ndege hawana somo la kujifunza, na nzi wa manjano ni tonge tu kama tonge lingine. Pili, ung'ongo usizidi nyoka mno. Ndege akikuta nzi kumi mfululizo wenye mikanda na wote ni watamu, ataacha kuogopa mikanda. Tatu, maumivu yakiwa makali, somo hudumu zaidi, hata mwigaji asiyefanana sana akanufaika. Anayeiga mavu amechagua mwalimu ambaye darasa lake halisahauliki, kama neno "amechagua" linaweza kuvumiliwa hapa.

Jambo hili limejaribiwa kwa wanyama hai. Katika miaka ya 1960 Jane na Lincoln Brower, watafiti wa Marekani, waliwapa vyura nyuki wa asali, kisha wakawapa nzi wa maua anayefanana na nyuki, wa jenasi Eristalis. Vyura waliokwisha kuchomwa walielekea kuwakataa nzi pia. Ambao hawakupata somo hilo waliwala.

Nzi huyo wa Eristalis, tukimtaja kidogo, amewadanganya hata wanadamu kwa karne nyingi. Watu wa kale wa nchi za Bahari ya Kati waliamini kwamba nyuki huzaliwa ndani ya mzoga wa ng'ombe. Mwaka 1894 mtaalamu wa nzi Charles Robert Osten-Sacken alitoa hoja kwamba waliowaona walikuwa nzi hawa, ambao mabuu yao hukua katika majimaji yaliyooza na ambao wakikomaa hutoka wakiwa na sura ya nyuki. Alitumia hoja hiyohiyo kuieleza habari ya Samsoni katika kitabu cha Waamuzi, aliyekuta kundi la nyuki katika mzoga wa simba. Asali iliyomo katika habari ile inabaki bila maelezo, kwa kuwa nzi hawatengenezi asali, lakini mtu anaona jinsi macho yalivyoweza kupotoshwa.

Kwa nini wengine hufanana vibaya

Hapa pana fundo jingine. Ikiwa kufanana huokoa maisha, mbona nzi wengi wa maua wanafanana na nyigu kwa mbali tu? Wapo wadogo wenye mistari ya manjano na meusi ambao hata mtoto hawezi kuwadhania nyigu kwa zaidi ya nukta chache.

Jibu moja ni kwamba tunahukumu kwa macho yetu. Mwaka 1993 yalichapishwa matokeo ya jaribio ambalo njiwa walifundishwa kutofautisha picha za nyigu na za nzi wa kawaida, kisha wakaonyeshwa picha za nzi wa maua wa spishi mbalimbali. Kwa jumla njiwa walizipanga spishi hizo kwa mfuatano ambao mtu angeukubali, isipokuwa mbili, Syrphus ribesii na Episyrphus balteatus, ambazo mtu huziona waigaji dhaifu. Njiwa waliziona zinafanana na nyigu sana. Ndege anashika alama chache zinazomtosha kuamua haraka, na alama anazoshika yeye huenda sizo tunazoshika sisi.

Jibu jingine ni la hesabu za tumbo. Mwaka 2012 Heather Penney na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carleton nchini Kanada walilinganisha makumi ya spishi za nzi wa maua na nyuki na nyigu wanaoigwa, wakaona kwamba nzi wakubwa hufanana na wanaowaiga kwa ukaribu zaidi kuliko nzi wadogo. Nzi mdogo ni chakula kidogo. Ndege hana sababu ya kujihatarisha na mwiba kwa ajili ya tonge lisilojaza mdomo, kwa hiyo shaka kidogo inatosha kumwacha aende zake, na uteuzi asilia hausukumi zaidi ya hapo. Nzi mkubwa ni mlo. Ndege atamtazama mara mbili, na anayetazamwa mara mbili anahitaji nguo iliyoshonwa vizuri zaidi.

Ukirudi kwa Volucella zonaria na milimita zake 20, unaelewa kwa nini manjano peke yake isingemtosha. Ana mikanda, ana wekundu wa kifua, ana ukubwa wenyewe, ana mvumo, na mabawa yake yana ukungu wa manjano yenye doa jeusi, si angavu kama ya nzi wa nyumbani. Hata hivyo hafiki mwisho wa sanaa hii. Nzi wa jenasi Spilomyia huinua miguu yao ya mbele, ambayo ni myeusi, na kuipunga mbele ya kichwa ikaonekana kama vipapasio virefu vya nyigu. Wakishikwa husukuma ncha ya tumbo mkononi kana kwamba wanachoma, ingawa hapo hakuna cha kuchomea. Mtu anayejua fika kwamba nzi hawezi kuuma huachia vidole bila kupenda.

Ndani ya kiota

Tumemaliza habari ya nguo. Sasa mlango.

Nyigu wa Ulaya wana maisha ya mwaka mmoja. Malkia aliyelala usingizi wa baridi huamka majira ya machipuko, huanza kiota peke yake, hulea wafanyakazi wa kwanza, na kufikia katikati ya kiangazi kiota kimejaa maelfu. Masega yamepangwa kwa ghorofa, matundu yakiangalia chini, na katika kila tundu jana mmoja, yaani buu wa nyigu, ananing'inia akisubiri kulishwa nyama. Karibu na mwisho wa kiangazi wanalelewa madume na malkia wapya. Baadaye malkia wa zamani hufa, wafanyakazi hupungua na mpango wa nyumba huvurugika. Baridi ikiingia wote wamekufa isipokuwa malkia vijana waliopandwa, ambao wametawanyika kutafuta mahali pa kulala.

Jike wa Volucella huja kiangazi, kiota kikiwa na nguvu. Hutaga mayai yake kwenye ganda la karatasi la kiota, na nyigu kwa kawaida hawajishughulishi naye kama ambavyo ungetarajia kwa wadudu wanaoweza kumfukuza ng'ombe shambani. Mayai yakianguliwa, mabuu huteremka hadi chini kabisa ya shimo. Huko ndiko jaa la kiota: nyigu waliokufa, majana walioanguka, mabaki ya wadudu walioletwa kama nyama, uchafu wa kila namna unaodondoka kutoka ghorofani. Buu wa Volucella zonaria ni mlaji wa jaa hilo. Amekaa gizani chini ya maelfu ya wadudu wenye sumu, na anakula wanachotupa.

Kiota kinapoanza kufa naye hupanda juu. Majana waliosahauliwa bila kulishwa na pupa, yaani majana waliokuwa wakigeuka kuwa nyigu, waliokufa ndani ya matundu huwa chakula chake. Kuna mpaka mwembamba hapa kati ya kula maiti na kula anayekufa, na buu hauchungi sana. Lakini kiota hicho kimekwisha hata asingekuwepo. Hajaangusha nyumba, amekula kilichobaki ilipoanguka.

Nduguye wa karibu, Volucella inanis, amekwenda mbali zaidi. Huyu kwa sura ni wa manjano zaidi na mdogo kidogo, na wengi huwachanganya. Njia nzuri ni kutazama mwanzo wa tumbo, ambao kwa zonaria ni wa kahawia na kwa inanis ni wa manjano. Tofauti kubwa iko kwa mabuu. Buu wa inanis ni bapa kama aliyekanyagwa, na ubapa huo una kazi: huingia ndani ya tundu la sega, akajipenyeza kati ya ukuta na jana aliye hai, akamla pole pole kutoka nje huku wafanyakazi wakiendelea kuleta chakula. Kikulacho ki nguoni mwako, nyigu wangekuwa na methali wangeanza na hiyo. Ndugu wawili wenye nguo zinazofanana hivyo, mmoja ni mzoa taka na mwingine ni kupe, na hilo linaonyesha tena kwamba nguo ya nje haikupangiwa kazi ya ndani.

Kuvumiliwa katika giza ni suala la harufu, na mfano uliochunguzwa vizuri zaidi unatoka katika familia hiyohiyo ya nzi wa maua, kwa jenasi Microdon, ambao mabuu yao huishi katika viota vya sisimizi. Mabuu hao ni wa duara na wanateleza polepole kama konokono, na katika karne ya 19 wataalamu waliwahi kuwaandika kuwa konokono wapya. Kemia ya ngozi yao ndiyo iliyofichua siri. Katika spishi iliyopimwa, mafuta ya ngozi ya buu yalifanana na ya watoto wa sisimizi wenyeji wake, hata sisimizi humchukulia kama mmoja wa watoto wao. Huo nao ni uigaji, tena wa hali ya juu, ila haumwonyeshi mwenye macho kitu chochote. Yule buu kwetu ni donge la rangi ya udongo.

Ukiweka mifano hii bega kwa bega, fundo linafunguka. Dunia ya wadudu ina mahakama mbili. Moja inakaa mchana na mahakimu wake ni ndege, wanaosoma rangi, ukubwa na mwendo. Nyingine inakaa gizani na mahakimu wake wanasoma kwa vipapasio. Volucella zonaria hupita mbele ya zote mbili katika maisha yake, lakini kesi zake ni mbili, na utetezi unaomwokoa katika moja haumsaidii katika nyingine. Kirby na Spence waliona mshtakiwa mmoja wakadhani kesi ni moja.

Majira ya mapukutiko yakifika, buu ameshiba. Ana miiba midogo ubavuni na ngozi ngumu iliyokunjamana. Huacha kiota na kujichimbia katika udongo ulio karibu; pale ambapo nyigu walijenga darini, mabuu huweza kuonekana wakitambaa sakafuni wakitafuta pa kujificha, na wenye nyumba wasijue wametoka wapi. Hulala hapo miezi yote ya baridi. Juu yake karatasi za kiota zinalowa na kuoza, na wote waliokijenga wamekwisha kufa. Joto likirudi anageuka kuwa pupa, na siku moja ya kiangazi anatoka ardhini, anakaa juu ya jani hadi mabawa yake yakauke, kisha anaruka kuelekea maua akiwa katika rangi za mavu ambaye hajawahi kumwona.